Mwalimu Haingii Ulingoni

Ilikuwa jioni ya Jumamosi. Mvua ilikuwa imekwisha kunyesha na upepo wa Ziwa Kivu ukipita dirishani. Nilifika nyumbani kwa dada yangu, hapa Gisenyi, nikamkuta mpwa wangu mwenye umri wa miaka 13 ameketi mkekani mbele ya televisheni. Katika kioo wapiganaji wawili walikuwa wakitwangana: mmoja gorila mkubwa aliyevaa tai nyekundu, mwingine shujaa mwenye upanga. Pambano lilikuwa kali, lakini lililonishangaza ni kijana mwenyewe. Alikuwa amefumbata mikono yake kifuani, na kidude cha kuchezea kimelala kando yake kama kijiko baada ya chakula.

Baada ya kuamkiana nikamwuliza, "Mbona huchezi?"

Akanijibu bila kuondoa macho, "Mjomba, leo mimi si mchezaji, mimi ni mwalimu. Mwanafunzi wangu ndiye anayepigana."

Ndugu msomaji, mimi nilisomea ualimu kabla ya kuingia kazi ya ofisini, na neno hilo liliniingia. Nikaketi. Tangu jioni hiyo nimekuwa nikiufuatilia mchezo huu, na nimeona kwamba una jambo la kutufunza sisi wenye nyumba, hasa nyumba ambazo mzazi mmoja huitwa kazini usiku, au hutumwa mbali kwa miezi mingi.

SANAMU YENYE KUMBUKUMBU

Mchezo wenyewe huitwa Super Smash Bros. Hutolewa na kampuni ya Nintendo ya mjini Kyoto, Japani, kampuni iliyoanza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1999, mbunifu wake akiwa Masahiro Sakurai. Kanuni zake si ngumu. Wapiganaji husimama juu ya jukwaa lililo hewani. Kila pigo humwongezea aliyepigwa asilimia ya maumivu, na kadiri asilimia hiyo inavyopanda ndivyo anavyorushwa mbali zaidi. Akirushwa nje ya jukwaa asiweze kurudi, amepoteza uhai mmoja. Hakuna damu wala maiti; anayeanguka hurudi juu mpaka nafsi alizopewa ziishe.

Mwaka 2014 kampuni hiyo ilianza kuuza sanamu ndogo za plastiki ziitwazo amiibo, ambazo kila moja huwakilisha mhusika fulani na huenea katika kiganja cha mtu mzima. Ndani ya kitako cha sanamu mna chipu yenye redio ya masafa mafupi sana. Ukiigusisha na kidude cha kuchezea, mashine huisoma, na mara mpiganaji huingia jukwaani akiendeshwa na kompyuta, si na mkono wa mtu.

Chipu hiyo ina nafasi ya baiti 540, yaani kama herufi 540 hivi. Hazijazi ukurasa mmoja wa daftari la shule. Hata hivyo, katika nafasi hiyo finyu ndimo inamowekwa tabia ya mpiganaji: husogea karibu mara ngapi, hujikinga mara ngapi, hukamata, huruka au hungoja mara ngapi. Huanza ngazi ya 1 akiwa mjinga kabisa, na kwa kupigana hupanda hadi ngazi ya 50. Njiani humtazama anayepigana naye, na kidogo kidogo huchukua mazoea yake. Katika toleo la mwaka 2018, liitwalo Super Smash Bros. Ultimate, iliongezwa njia ya kumwambia mpiganaji kama ajifunze au aache kujifunza. Mkufunzi akiridhika, hufunga mlango wa darasa, na tabia hubaki kama ilivyo.

DARASA LA VIBERITI

Huenda msomaji akauliza, chombo kisicho na roho hujifunzaje? Jibu lake tunaweza kulipata jikoni, pale tunapoweka viberiti.

Mwingereza mmoja, Donald Michie, alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi ya kufumbua siri za adui huko Bletchley Park wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Baadaye, mnamo mwaka 1961, alitengeneza mashine ya kucheza ule mchezo wa misalaba na duara ambao watoto huuchora vumbini, mashindano ya kupanga alama tatu katika mstari mmoja. Hakuwa na kompyuta ya kutumia. Alikusanya maganda 304 ya viberiti, kila ganda likiwakilisha hali moja ya mchezo. Ndani yake akatia shanga za rangi mbalimbali, kila rangi ikiwa na maana ya hatua moja inayowezekana. Zamu ya mashine ikifika, alitikisa ganda linalohusika na kutazama ni shanga gani imejitokeza. Hiyo ndiyo hatua iliyochezwa.

Mchezo ulipokwisha ndipo somo lilipoanza. Mashine ikishinda, kila ganda lililotumika huongezewa shanga za rangi iliyochezwa. Ikishindwa, shanga hiyo huondolewa. Baada ya michezo mingi, hatua mbaya zilikosa shanga na hatua nzuri zikajaa. Michie aliicheza michezo 220, naye aliona jinsi viberiti vilivyozidi kumsumbua kadiri siku ilivyokwenda.

Wapiganaji wa sanamu hawajifunzi kwa namna ile ile moja kwa moja, lakini msingi unafanana. Watengenezaji wamekwisha kuorodhesha mambo ambayo mpiganaji anaweza kutenda, na mafunzo hubadili ni mara ngapi kila jambo litendwe. Mpiganaji hawezi kubuni pigo jipya, na huchota katika ganda lenye shanga nyingi. Shanga hizo huwekwa na yule anayepigana naye kila siku, akijua au asijue.

SIKU YA MASHINDANO

Kwa kuwa kila mtu humfunza mpiganaji wake kwa njia yake, haikuchukua muda watu wakataka kujua nani amefunza vizuri zaidi. Ndipo yakazaliwa mashindano ya wapiganaji waliofunzwa, ambayo wapenzi wa mchezo wenyewe, wengi wao wakiwa Marekani na Ulaya, huyaandaa kwa njia ya intaneti.

Utaratibu wake ni huu. Mkufunzi hutumia simu yenye redio ya aina ile ile kunakili kumbukumbu ya sanamu yake, na nakala hiyo huwa faili ndogo sana. Huituma kwa mwandaaji, ambaye huiandika katika chipu tupu na kuwaingiza wapiganaji jukwaani wawili wawili. Picha za mapambano hurushwa moja kwa moja, na mkufunzi aliyeko mbali hutazama kama mtazamaji mwingine yeyote. Aghalabu hutumika kanuni ya kutolewa baada ya kushindwa mara mbili, ili bahati mbaya ya pambano moja isimwonee mtu.

Yapo mashindano ya wapiganaji watupu, yasiyoruhusu msaada wowote. Yapo na mengine ambamo mpiganaji huruhusiwa kulishwa nyongeza za nguvu zilizomo mchezoni, zikamfanya awe mzito wa pigo au mgumu wa kuumia. Hapo waandaaji hulazimika kuweka sheria, kwa maana baadhi ya nyongeza humpa mwenye nazo ushindi wa bure. Nyongeza za namna hiyo hupigwa marufuku, ili kishindane kile kilichofunzwa.

Wazee wetu wanaocheza igisoro wataielewa adabu ya mashindano haya. Penye ubao wa igisoro hakukosi watazamaji, na kila mtazamaji huona hatua nzuri kuliko mchezaji. Lakini mwenye heshima hufumba mdomo, kwa kuwa kunong'oneza ni kuuharibu mchezo wa watu. Katika mashindano ya sanamu, mkufunzi ndiye mtazamaji huyo. Anaona mwanafunzi wake akisogea kwenye ukingo wa jukwaa, anajua atakaloponzwa nalo, wala hana la kufanya. Kama kuna kosa, lilitendeka wiki tatu zilizopita, sebuleni.

KABLA YA SANAMU

Tusidhani kwamba wazo la kushindanisha kompyuta kwa kompyuta limeanza na watoto wa leo. Mwaka 1974, mjini Stockholm, Sweden, yalifanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya sataranji kwa kompyuta. Programu 13 zilishiriki, na mshindi akawa Kaissa, programu kutoka Muungano wa Kisovieti. Watu waliokaa mezani walisogeza kete tu kama mashine zilivyoamua.

Mwaka 1989 mjini London ikafanyika Olimpiadi ya kwanza ya michezo ya kompyuta. Humo ulikuwamo mchezo wa awari kutoka Afrika Magharibi, ambao ni ndugu wa igisoro letu, wa omweso wa Uganda na wa bao la Zanzibar. Awari una mashimo 12 na kete 48. Mwaka 2002 wataalamu wawili wa Amsterdam, John Romein na Henri Bal, waliiamuru kompyuta ichunguze hali zote za mchezo huo zinazoweza kutokea, ambazo ni zaidi ya bilioni 889. Jibu lilikuwa kwamba wachezaji wawili wasiokosea kamwe watatoka sare. Igisoro lina safu nne na kete 64, basi anayetaka kulimaliza kwa hesabu na ajifunge kibwebwe.

Hata wapiganaji wa kompyuta wana mashindano yao ya kitaaluma. Tangu mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Ritsumeikan, Japani, kimekuwa kikiandaa mashindano ya programu zinazopigana ulingoni. Katika mchezo wao uitwao FightingICE, programu huoneshwa hali ya ulingo ikiwa imechelewa kwa robo ya sekunde hivi. Wameweka hivyo kwa makusudi, ili mashine isimzidi mwanadamu kwa wepesi wa macho peke yake, bali ilazimike kukisia nia ya mpinzani.

Tofauti ya mashindano hayo na haya ya sanamu ni moja. Kule mshindani huandika programu kwa lugha ya kompyuta, mstari baada ya mstari. Huku mtoto asiyejua kuandika programu hata moja hufunza kwa vitendo. Hawezi kumwambia mpiganaji "fanya hivi", sharti amwoneshe.

MAZOEA HUONEKANA

Wakufunzi wa mchezo huu wamekwisha kugundua mambo ambayo hayamo katika kijitabu chochote cha dukani. La kwanza ni kwamba mpiganaji afunzwe na mtu anayetumia mhusika yule yule, gorila kwa gorila, ili anachokiona akiweze. La pili ni kutembea badala ya kukimbia ovyo, na kubaki chini badala ya kurukaruka. Kompyuta ina macho mepesi na hujikinga barabara wakati miguu yake ikiwa ardhini, lakini akiwa hewani au mbioni hupoteza kinga hiyo. La tatu ni kutoshikilia pigo. Katika mchezo huu baadhi ya mapigo huongezeka nguvu ukiyashikilia kabla ya kuyaachia. Mtu hupenda kufanya hivyo ili kutisha, naye mpiganaji akijifunza tabia hiyo atasimama akijikusanya huku mwenzake anampiga.

La nne lilinichekesha, kisha likanifanya nifikiri. Katika mchezo ipo ishara ya kumkejeli mpinzani, na wakufunzi wanaonya kwamba asikejeliwe mwanafunzi hata kwa mzaha. Akizoea, siku ya mashindano atakejeli katikati ya vita, atapigwa kofi la kumtupa nje ya jukwaa, na mkufunzi atatafuta pa kuuficha uso.

Kadhalika imeonekana kwamba wahusika wepesi wanaopendwa na wachezaji hodari hawafanyi vizuri wakiwa mikononi mwa kompyuta. Wepesi wao huhitaji mtu mwenye kubuni mfululizo wa mapigo. Wazito wenye pigo moja la uhakika, kama Bowser, lile joka lenye gamba la kobe, huwa na manufaa zaidi. Mkufunzi mwenye busara humpima mwanafunzi wake kwanza, ndipo achague somo.

Askari wanaosoma ukurasa huu watatabasamu, kwa kuwa mambo hayo wanayajua tangu uwanja wa gwaride. Kuruta hatendi siku ya hatari lile alilosikia katika hotuba, hutenda lile ambalo mwili wake umelirudia mara elfu. Ndiyo maana mkufunzi wa gwaride huudhika kwa kosa dogo la mkono ambalo raia haoni hata kuwa ni kosa.

MKONO WA BABA

Sasa nirudi kwa yule gorila mwenye tai nyekundu. Jina lake ni Donkey Kong. Sanamu yake ililetwa na ndugu yetu anayeishi Brussels, pamoja na mashine ya mchezo iliyokwisha kutumika. Shemeji yangu, baba wa kijana, ni askari. Wakati ule alikuwa likizoni, akijiandaa kwenda na kikosi cha kulinda amani katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, nchi ambako majeshi ya Rwanda yamekuwa yakitumika tangu mwaka 2014. Kwa muda wa mwezi mmoja, kila baada ya chakula cha jioni, baba na mwana waliketi mkekani wakamfunza gorila.

Shemeji hakuwa mchezaji hodari. Alikuwa na pigo moja alilolipenda. Donkey Kong anaweza kuuzungusha mkono wake mara nyingi, akikusanya nguvu, kisha akatoa ngumi moja ya kuvunja mwamba. Shemeji aliuzungusha mkono huo kila wakati, pasipo na sababu, huku akisema kwa sauti, "Ngojeni mwone!" Mara nyingi tulichoona ni yeye kupigwa kabla hajamaliza kuzungusha. Nyumba nzima ilicheka.

Alipoondoka, kijana alifunga mlango wa darasa. Sanamu ikawekwa juu ya kabati, karibu na picha ya harusi. Jioni nyingine, nyumba ikiwa kimya, aliishusha akamwacha gorila apigane na kompyuta. Naye gorila alizungusha mkono, akizungusha na kuzungusha, akapigwa. Dada yangu alipoona mara ya kwanza alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akasema, "Huyo ni baba yenu kabisa." Hakucheka.

Baada ya miezi mitano kijana akapata habari za mashindano madogo ya wapiganaji 16 ambayo yangefanyika kwa njia ya intaneti. Alitamani kuingia. Lakini alijua kwamba ule mzunguko wa mkono ni aibu mbele ya wakufunzi, na kwamba gorila hatapita hata pambano moja. Kumfunza upya kulikuwa na maana ya kufungua darasa, na kuzitoa shanga za baba moja moja. Alinijia na swali hilo akiwa na uso wa mtu mzima. "Mjomba, nikimfunza mimi, si baba atatoka?"

Mimi mwenye cheti cha ualimu sikuwa na jibu. Nilimwambia amwulize mwenyewe.

Jumapili shemeji alipiga simu. Kijana alimweleza yote, sauti ikimkatika. Upande wa pili kulikuwa kimya kwa muda, tukadhani mtandao umekatika. Kisha shemeji akasema, "Mwanangu, hiyo ngumi si mbaya. Ubaya ni kwamba mimi niliipiga wakati wowote. Wewe mfunze wakati wake."

Maneno hayo yalifanya kazi wiki tatu. Kila jioni, baada ya kazi za shule na si kabla, kijana alipigana na gorila kwa gorila. Alitembea, akajikinga, akapiga mapigo mafupi. Alipofanikiwa kumrusha mpinzani mbali, ndipo alipouzungusha mkono, wakati hakuna wa kumdhuru. Kidogo kidogo gorila akaanza kufuata. Hakufuata sawasawa, kwa maana kompyuta si mtu, lakini mara nyingi zaidi mkono ulizunguka pale unapostahili.

Ilipofika siku ya kutuma faili, niliazima simu ya mfanyakazi mwenzangu iliyokuwa na redio ile. Hapo ndipo tulipoona kwamba kumbukumbu ya sanamu hunakilika na kuhifadhiwa kwa dakika moja tu. Laiti tungalijua mapema, tungaliweka nakala ya gorila wa baba kabla ya somo jipya. Kijana alitazama simu, kisha kabati, hakusema neno. Nami naliandika hapa ili mzazi mwingine mwenye hazina kama hiyo asichelewe kama sisi.

Gorila alishinda mapambano mawili, akashindwa mawili, akatoka. Katika ushindi wake wa pili alimrusha mpinzani juu, akasimama, akauzungusha mkono taratibu, na mpinzani aliporudi jukwaani alikutana na ngumi. Dada yangu alipiga kelele hata jirani akaja kuuliza kulikoni.

KWA WENYE NYUMBA

Sisemi kwamba kila nyumba inunue mashine ya mchezo. Ni vitu vya gharama, na mtoto anaweza kuumaliza ujana wake mbele ya kioo ikiwa hakuna anayemwekea saa. Lakini kama kitu hicho kimekwisha kuingia nyumbani, kitumike kwa faida, nami napenda kuwaachia wazazi mambo matatu.

Kwanza, keti na mtoto, ujue anachokifanya. Mzazi anayepita akisema "zima hiyo" bila kuuliza hujinyima nafasi ya kusikia swali kama lile la mpwa wangu. Pili, mtoto akipenda kufunza mpiganaji, mwulize kwa nini ameshindwa. Swali hilo litamrudisha kwenye kazi yake mwenyewe badala ya kulaumu mashine. Huo ndio mwanzo wa akili ya kisayansi, nayo ndiyo inayotakiwa katika masomo ya kompyuta na ya roboti yanayozidi kuenea katika shule zetu. Tatu, kwa nyumba isiyo na umeme wa kutosha au fedha za anasa, viberiti na shanga vipo. Mchezo wa Michie unaweza kupunguzwa ukawa mdogo, watoto wakafunza maganda machache jioni moja ya mvua, nao wataona kwa macho yao jinsi mazoea yanavyojengeka.

Juu ya hayo lipo la kwetu wakubwa. Mtoto naye hutazama anayeishi naye kila siku. Jinsi tunavyoongea na mama yao, jinsi tunavyopokea habari mbaya, jinsi tunavyomjibu mwombaji mlangoni, zote hizo ni shanga tunazozitia gandani pasipo kujua. Siku moja atasimama mahali tusipoweza kuingia, iwe chumba cha mtihani, kambi, ofisi au ndoa, nasi tutakuwa watazamaji tusioruhusiwa kunong'ona. Waswahili walikwisha kusema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Shemeji alirudi salama baada ya mwaka wake kutimia. Usiku wa pili, alipokwisha kula na wageni kutawanyika, aliomba apambanishwe na gorila. Akakaa mkekani, akauzungusha mkono wake kama zamani, akisema "Ngojeni mwone!" Gorila hakungoja. Alimkabili kwa miguu, akampiga pigo fupi, akamtupa nje ya jukwaa. Kisha, uwanja ukiwa mtupu, akasimama akauzungusha mkono.

Shemeji alikiweka chini kidude cha kuchezea, akamtazama mwanawe. "Nani amekufunza hivyo?" akauliza.

"Wewe, baba," kijana akajibu.